Je, Kwenda Kupimwa ni Kukosa Imani?

Somo: 2 Wafalme 20:1–7, Luka 17:11–19



Wiki hii naandika juu ya jambo ambalo hatulitaji sana madhabahuni. Nitataja matiti, nitataja uvimbe, nitataja saratani. Najua wengine mtaona haya. Hata mimi niliona haya, na ndiyo sababu ujumbe huu umechelewa. Lakini haya yangu yalishamgharimu mtu, kwa hivyo leo niruhusuni niseme.

Kuna mama mmoja katika kanisa letu, mhudumu wa mlangoni. Jumatano moja jioni, baada ya maombi, alinisubiri mpaka watu wakatawanyika, kisha akaniambia, "Pasta, naomba uniombee kifua. Kuna kitu nasikia hapa." Akaweka mkono karibu na kwapa. Mimi sikuuliza ni kitu gani. Sikuuliza kimeanza lini. Huyu ni mama wa umri wa shangazi yangu, ningeanzaje kumuuliza habari za kifua chake? Nikaweka mkono kichwani mwake, nikaomba kwa nguvu, nikakemea, na mwisho nikamwambia, "Mama, umepona. Usikiri ugonjwa tena." Akasema amina. Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha, nikajua nimefanya kazi ya Bwana.

Miezi minane baadaye alikuja ofisini na mume wake. Ule uvimbe ulikuwa umekua, na ngozi juu yake ilikuwa imevutwa ndani kama kishimo. Walikuwa wametoka hospitali na majibu mkononi: saratani ya matiti, tena imeshafika kwenye tezi za kwapani. Nikamuuliza swali ambalo sikustahili kuuliza: "Mama, mbona hukuenda mapema?"

Akaniangalia kwa upole, bila hasira yoyote. Akasema, "Pasta, si ulisema nimepona? Niliona nikienda kupimwa nitakufanya mwongo."

Wapendwa, maneno hayo sijayasahau. Mama alikuwa analinda jina langu kwa mwili wake.

Amefanyiwa upasuaji, anaendelea na matibabu, na Jumapili nyingine mnamwona pale mlangoni akiwapa mikono. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Pasta, andika, ila usiweke jina." Ile miezi minane ilimpunguzia nini, mimi sijui, na sitaki kujifanya najua. Lakini najua nani alimwambia asiseme tena juu ya uvimbe wake. Ni mimi.

Kwa hivyo nina maswali mawili. La kwanza: mwamini akienda kupimwa, je, amepunguza imani? La pili ni gumu zaidi: sisi tunaoomba, tuna deni gani kwa mtu baada ya kusema amina?

Tuanze na mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, na nabii Isaya akamletea habari kwamba hataishi. Hezekia akageuka ukutani, akaomba, akalia. Kabla Isaya hajafika mbali, Mungu akamrudisha na habari nyingine: maombi yamesikiwa, mfalme ataongezewa miaka 15. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia, na kanisa lote linapiga makofi. Lakini soma mstari wa 7. Baada ya ahadi hiyo, Isaya huyo huyo anaagiza waletwe tini, zikandwe, ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemuuliza, "Nabii, kwani umeanza kuwa na mashaka?" Ahadi ilitoka kwa Mungu, na dawa ikatoka mdomoni mwa nabii aliyebeba ahadi hiyo. Mimi Jumatano ile nilileta ahadi tu. Tini niliziacha.

Twende kwa wale wenye ukoma kumi. Walipomlilia Yesu, aliwatuma kwa makuhani wakaonekane. Tunajua kazi ya kuhani katika jambo hili kwa sababu imeandikwa kirefu katika Walawi 13. Kuhani alikuwa anaangalia ngozi, anaangalia rangi ya nywele pale penye doa, anaona kama limeingia ndani au liko juu tu. Asipokuwa na hakika, anamtenga mtu siku saba, kisha anamwangalia tena. Kwa maneno yetu ya leo, hicho ni kipimo, na ile ya siku saba ni tarehe ya kurudi kliniki. Yesu hakuwazuia wasipitie hapo. Walipona njiani, wakiwa wanaenda kuangaliwa. Uponyaji wa kweli hauogopi kuangaliwa. Kama Mungu amekuponya, daktari ataona amekuponya, na wewe utakuwa na ushuhuda wenye karatasi. Kama bado kuna kitu, ni heri ukijue mapema.

Halafu kumbuka Shetani alipompeleka Yesu juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe, kwa maana malaika watamdaka. Yesu alikataa, akasema Mungu hajaribiwi. Ukifikiria vizuri, jengo lile lilikuwa na njia ya kushukia. Kushuka kwa miguu hakukuwa kukosa imani kwa malaika. Kuruka ndiko kungekuwa kumlazimisha Mungu. Mara ngapi sisi tumewaambia watu waruke, na tukaita hiyo imani?

Sasa najua mtu atanijibu, na ni haki yake. Atasema, "Pasta, na mfalme Asa je?" Kweli, 2 Nyakati 16 inasema Asa aliugua miguu, na katika ugonjwa wake alitafuta waganga, hakumtafuta Bwana. Lakini soma sura nzima. Kabla ya hapo nabii alimwonya Asa, naye akamkasirikia akamtupa gerezani. Huyu ni mtu aliyekuwa ameshafunga mlango wa Mungu kwa mambo yote, siyo ugonjwa peke yake. Kosa lake ni kuacha kumtafuta Bwana. Anayemtafuta Bwana na bado akaenda kwa daktari hafanani na Asa. Anafanana na Hezekia.

Mwingine atasema, "Na yule mama wa kutokwa na damu? Miaka 12 kwa waganga, pesa zikaisha, hali ikawa mbaya zaidi." Hiyo pia ni kweli, na wako kati yetu wanaoweza kusimulia hadithi kama hiyo. Hospitali inaweza kukuchosha, inaweza kukumaliza pesa, na kuna wakati inashindwa. Lakini Yesu hakumkemea mama yule kwa sababu alikuwa ametafuta tiba. Na kuna jambo lingine hapo ambalo huwa tunalipita haraka. Mama alikuja kwa nyuma, amejificha, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa aibu, wa sehemu zisizosemwa. Yesu hakumruhusu aondoke akiwa bado amejificha. Alimngoja mpaka akasema kweli yote, ndipo akamwita binti na kumwacha aende kwa amani. Kina mama wengi hapa kwetu wanakuja kwa nyuma. "Niombee kifua." "Niombee tumbo." Wanategemea sisi tuelewe bila kusema. Kazi yetu ni kuwafanya waweze kusema kweli yote bila kuogopa.

Hapa nataka nirekebishe fundisho ambalo mimi mwenyewe nimelitumia vibaya: ukiri. Ni kweli ulimi una nguvu, na mtu akiamka kila siku anajitangazia kifo, anajiumiza. Lakini kutaja kitu si kukubali kikutawale. Mimi nilisoma biashara chuoni kabla ya kuingia huduma, na kitu cha kwanza walichotufundisha kwenye hesabu ni kwamba deni huandikwa siku ile ile linapoingia. Mwenye duka akiogopa kuliandika kwenye kitabu, deni haliondoki. Linabaki, na riba inaendelea kuzaa gizani. Siku mwenye mkopo akija kugonga mlango, duka linafungwa. Kalamu iliyoandika deni haikuleta deni. Vivyo hivyo daktari anayeandika jina la ugonjwa hajakupa huo ugonjwa. Na wewe ukisema, "Nina uvimbe hapa," hujaukaribisha. Umewasha taa tu.

Basi tuongee wazi juu ya uvimbe wenyewe. Nimemwomba dada mmoja wa ushirika wetu, ambaye ni muuguzi, anisahihishe nisije nikakosea tena.

Jambo la kwanza, vinundu vingi vinavyopatikana kwenye matiti si saratani. Vingine ni vifuko vya maji, vingine ni nyama ngumu zisizo na madhara, hasa kwa wasichana na wanawake wa umri mdogo. Kwa hivyo ukikuta kitu, usijiandikie kifo. Lakini pia usijiandikie uzima bila kupimwa, kwa sababu kwa mkono pekee huwezi kujua hiki ni kipi.

La pili, kutouma si dalili nzuri. Watu wengi husema, "Haiumi, kwa hivyo si kitu." Kumbe saratani ya matiti ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa. Yule mama wetu aliniambia hata yeye alijituliza hivyo.

La tatu, jua hali ya kawaida ya mwili wako ili ukibadilika ujue. Wakati mzuri wa kujiangalia ni siku chache baada ya hedhi kuisha, maana kabla ya hedhi matiti huvimba na kuwa na mabonge ya kawaida. Aliyeacha kupata hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Yafuatayo usiyakalie:

Kinundu kipya au ugumu kwenye titi au kwapani ambao hauondoki hedhi inayofuata ikishapita. Kama umeshaacha hedhi, usingoje mwezi, nenda.

Titi moja kubadilika ukubwa au umbo tofauti na lilivyokuwa.

Ngozi kuvutwa ndani, au kuwa na vijishimo kama ganda la chungwa.

Chuchu iliyokuwa nje kuanza kuingia ndani, au kuwa na kidonda na magamba yasiyopona.

Maji au damu kutoka kwenye chuchu yenyewe bila kukamuliwa, hasa damu.

Titi kuwa jekundu, la moto na limevimba. Kama unanyonyesha na una homa, huenda ni maambukizi, na yanahitaji dawa mapema, nenda siku hiyo. Lakini ukimaliza dawa na hali haijatulia, rudi. Usiseme ni maziwa tu. Na mwenye mimba pia asiseme ni mimba tu.

Hospitalini watafanya nini? Wataangalia na kupapasa. Wanaweza kukutuma picha ya altrasaundi, au mamogramu ambayo hutumika zaidi kwa walio na umri wa miaka 40 kwenda juu. Kukiwa na shaka, watachukua kipande kidogo kwa sindano kikapimwe maabara. Hiyo ndiyo biopsi, na bila hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba ni saratani. Nimesikia watu wakisema ukidungwa ile sindano ugonjwa unasambaa. Huo ni uvumi, na umefanya watu wakimbie kipimo ambacho kingewasaidia. Uvumi mwingine ni kwamba saratani inaletwa na kuweka pesa au simu kwenye sidiria. Mama wa sokoni, hakuna ushahidi wa hilo, wewe ogopa wezi tu. Ugonjwa huu hauambukizi. Na kama kwenu hakuna aliyewahi kuugua, usijihesabu salama kwa hilo, maana wengi wanaoupata hawana historia hiyo katika familia. Wanaume, na nyinyi mna matiti. Ni wachache sana wanaopata, lakini wapo, na huwa wanachelewa kwa sababu hawakuwahi kufikiria.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na 670,000 walifariki. Hapa Kenya ndiyo saratani inayopata wanawake wengi kuliko zote, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Mwaka 2023 shirika hilo liliweka lengo kwamba mtu akishafika kituo cha afya na dalili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60. Nilipoiona hiyo namba nikaihesabu kwa Jumapili: ni Jumapili nane au tisa hivi. Serikali na madaktari wana kazi yao ya kutimiza lengo hilo. Lakini hesabu hiyo inaanza siku unapofika kliniki. Siku zote kabla ya hapo ziko mikononi mwetu: za mgonjwa, za mume, za ushirika, na za mchungaji. Mimi peke yangu nilikula miezi minane.

Tuseme ukweli mwingine. Mara nyingi kinachomzuia mtu si imani, ni nauli. Ni pesa za kipimo. Ni kuacha kibanda siku nzima ukae foleni. Mtu anaona aibu kusema hana, anasema, "Namngojea Bwana." Na sisi tunaitikia amina kwa sababu amina haina gharama. Lakini mtu akifa, angalia tunavyofanya. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku huo huo. Ndani ya siku tatu pesa za matanga zimefika, hema limelipwa, basi limepatikana, programu zimechapishwa za rangi. Sisemi tuache kuzikana kwa heshima. Nauliza tu, kama mtu aliyesoma bajeti: kwa nini tuna pesa za jeneza na hatuna za altrasaundi? Nimewasilisha kwa wazee ombi kwamba mfuko wa ustawi uwe na fungu la nauli na vipimo, dogo tu kwa kuanzia. Kama hujajisajili SHA, jisajili ukiwa mzima, na ukienda hospitali uliza mapema wanalipiwa nini na nini hakilipiwi.

Waume, niwaambie neno moja. Mke wako akikuambia kuna kitu anasikia kwenye titi, jibu si "Ngoja tuone mwisho wa mwezi." Jibu ni "Tunaenda lini?" Na usimwache aende peke yake. Yule mzee aliyekuja na mke wake ofisini kwangu hakusema mengi, lakini muda wote alikuwa amemshikia mkoba wake. Hiyo ilinihubiria.

Sasa nirudi kwa swali la pili. Tuna deni gani baada ya amina?

Sidai kwamba kila anayeenda mapema atapona. Tumewazika watu waliofanya kila kitu kwa wakati. Na naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu huponya bila dawa, nimeyaona. Kwa hivyo sikuahidi matokeo, na nimejifunza nisiahidi tena kwa niaba ya Mungu kitu ambacho hakunituma kusema. Deni langu ni dogo kuliko hilo, na naweza kulilipa. Nina deni la kuuliza: kimeanza lini, umemwambia nani, umeenda hospitali? Nina deni la kusema kwa mdomo ule ule ulioomba: "Nenda ukapimwe, na ukienda hujanidharau, hujamdharau Mungu." Nina deni la kufuatilia wiki inayofuata. Na majibu yakija mabaya, nina deni la kutomwambia mgonjwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Mtu anayebeba saratani asibebeshwe na hatia.

Kuanzia sasa, ukija mbele na kusema, "Pasta, niombee kifua," nitaomba. Kisha nitakuita pembeni pamoja na mmoja wa kina mama wetu, na atakuuliza. Usikasirike.

Nilimwomba yule mama msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, mimi nimekusamehe. Lakini kuna wengine uliowaambia maneno hayo. Watafute." Ujumbe huu ni sehemu ya kuwatafuta. Kama ni wewe, na uliniambia kitu nikakunyamazisha kwa jina la imani, Jumatatu kliniki zinafunguliwa. Nenda. Na kama unaogopa kwenda peke yako, nipigie mimi au mama mchungaji, mmoja wetu atakusindikiza.

Tuombe: Bwana, tusamehe tulipotumia jina lako kuficha woga wetu. Wape ujasiri walio na siri mwilini, uwape mikono mizuri ya kuwahudumia, na utufanye kanisa ambalo mtu anaweza kusema kweli yote akaondoka kwa amani. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni magonjwa gani tunaona aibu kuyataja katika ushirika wetu? Nani anaumia kwa sababu ya kimya hicho?

2. Hezekia alipewa ahadi na tini pamoja. Ni wapi sisi tumechukua kimoja tukaacha kingine?

3. Ushirika wetu unaweza kuweka akiba kiasi gani kwa mwezi ili mtu asikose nauli ya kwenda kupimwa?